Fundi Aliyenyoosha Mashine ya Baridi

Alikuwa na pima maji moja ya mbao, yenye kioo katikati na povu dogo ndani yake, na aliitunza kuliko wanaume wengi wanavyowatunza wake zao. Aliivika flana nyekundu, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti, na kabla ya kuitoa alijifuta mikono kwa leso nyeupe, mkono mmoja, kisha wa pili, huku sisi wengine tumesimama tukingoja kama watu wanaosubiri ubatizo. Halafu aliiweka juu ya kitu, akainama, akafumba jicho moja, akatoa hukumu. Hukumu zake zilikuwa mbili tu. "Sawa ni sawa," au, "Hii imepinda." Sikupata kusikia ya tatu.

Ukoo wake na alikotoka niwaachie wenye haja navyo. Mimi nilimjua kazini, miaka sita hivi, katika ofisi ya kampuni ya kupima viwanja katikati ya Nairobi, na miaka hiyo ilinitosha kumdharau. Watu wa rika langu hupenda kukaa na kusifu mafundi wa zamani, eti siku hizi hakuna tena mafundi kama wale. Nikisikia maneno hayo namkumbuka yeye, nasema moyoni, afadhali.

Tulimwita Bwana Fundi. Ukimwita Fundi kavu kavu hakuitika. Alitazama dirishani mpaka ukumbuke adabu. Alivaa tai. Fundi gani anayevaa tai, akiingiza kichwa kwenye mashine zinazozunguka? Alipofika kazini aliikunja tai na kuichomeka kati ya vifungo viwili vya shati, na alipomaliza aliitoa, akainyoosha, akasimama mbele ya kioo cha mlango wa mhasibu kuhakikisha imeshuka wima. Kila siku alitembea kutoka Kabiria hadi mjini, viatu amevitundika shingoni visipate matope, akavivaa alipofika kwenye lami. Hakuchelewa kwa hiari yake hata siku moja. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nataka kumsifu.

Ugonjwa wake ulikuwa unyoofu. Hakuweza kuingia chumbani bila kunyoosha kitu. Picha ya malkia iliyotundikwa nyuma ya meza ya Bwana Mkubwa aliinyoosha kila alipopita, na siku moja mimi na mpiga chapa mwenzangu tuliipindisha kwa makusudi mara saba kabla ya saa sita, naye akainyoosha mara saba bila kushtuka. Chai aliyopewa aliiweka mezani, akaitazama ikitulia ndani ya kikombe, akasema meza yetu imelala upande wa mashariki. Kisha akapiga magoti na kuchomeka karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja, na chai yake ikapoa.

Kuna kisa kilichosimuliwa sana wakati ule wa misako, siku za hali ya hatari. Askari waliwazuia watu barabarani asubuhi, wakawakalisha chini kwa mistari, mikono kichwani, wakikaguliwa vipande vyao vya kitambulisho. Bwana Fundi alikuwa miongoni mwao. Mstari wake ulikuwa umepinda, kwa sababu watu wenye hofu hawakai kwa kamba. Basi yeye, mikono yake ikiwa kichwani, akaanza kuwaambia wenzake kwa sauti ya chini, "Wewe sogea. Wewe rudi nyuma kidogo. Tazama bega ya mwenzako." Askari alidhani anapanga watu wakimbie, akampiga kwa kitako cha bunduki. Alifika ofisini saa nne, sikio limevimba, na alichotuambia ni kwamba mstari wake, wa tatu, ulikuwa umenyooka vizuri walipomtoa. Wengine walicheka mpaka wakatoka machozi. Mimi nilimwona mpumbavu, na bado namwona.

Ujuzi wake aliupata kwa watu wa misheni, waliomfundisha useremala na uashi, na baadaye katika duka la nyama lililokuwa na friji kubwa. Kwa friji hakuwa na mpinzani. Friji ikisimama upande upande mlango wake haufungi vizuri, baridi inatoka, nyama inaoza, kwa hiyo pale pima maji yake ilikuwa mfalme. Wauza nyama wa mji mzima walimtafuta. Alipokuwa akiwasimulia wasikilizaji habari za friji zake ungedhani alizizaa. Na kama mambo yangeishia kwenye friji, nisingekuwa na neno naye.

Lakini Bwana Mkubwa wetu alinunua mashine ya baridi ya dirishani. Nairobi hii, ambayo mwezi wa saba watu wanaota moto wa jiko la makaa wakiwa wamevaa makoti, mzungu ananunua mashine ya kuleta baridi! Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye joto la bandarini, akasema damu yake imeharibika, na Februari mjini inampa maumivu ya kichwa. Nadhani alitaka tu kuwa na kitu ambacho ofisi za jirani hazina. Walikuja watu wawili wa dukani, wakaichomeka mashine dirishani mwake, ghorofa ya pili, nusu yake ndani na nusu yake nje ikikalia vyuma viwili. Wakaiwasha, ikanguruma, wakaenda zao. Nyingine kama hiyo ilipelekwa nyumbani kwake Kitisuru, chumba cha kulala.

Mashine hizo hunyonya unyevu wa hewa na kuufanya maji, na maji yale hukusanyika kwenye sinia lililo chini, ndani ya kiwiliwili chake, kisha hutoka nje kupitia tundu la nyuma. Kwa mwezi mzima maji ya mashine yetu yalidondoka nje, juu ya bati la duka la chini na kofia za wapita njia, na ndani hapakuwa na tone. Kisha chujio lake likajaa vumbi, na Bwana Mkubwa akaagiza mtu wa kulisafisha. Akaitwa Bwana Fundi, mtu wa friji.

Alisafisha chujio, na alilisafisha vizuri. Halafu akasimama nyuma, akafumba jicho moja. Akajifuta mikono. Akaitoa pima maji.

"Hii imepinda," akasema. "Imelalia nje. Nani alifunga hii kitu? Hii ni aibu."

Akakata kabari ya mbao, akafungua dirisha la pembeni, akatoa mwili nusu nje, na kuipigilia kabari ile chini ya mashine upande wa nje mpaka povu likakaa katikati. Bwana Mkubwa akaitazama, akasema "mzuri sana." Wiki ile ile mvua za masika zikaanza, na maji yakaanza kuingia ofisini.

Yalikuja taratibu, kwenye ukuta chini ya dirisha, kisha kwenye zulia, kisha mpaka miguuni mwa meza. Bwana Mkubwa hakuwaza mashine. Mashine ilikuwa imetoka ng'ambo, na imekaguliwa na fundi, na imenyooka. Aliwaza mfagiaji.

Mfagiaji alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Mimi ndiye niliyemwombea kazi ile. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mikono iliyozoea jembe huko kwetu magharibi, na alishika tambara kwa uangalifu kana kwamba anaosha mtoto. Dada alikuwa amemfuata mjini na kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Kwenye hospitali kubwa walimwambia ni kifua kikuu, atachomwa sindano kila asubuhi kwa miezi, wala asikatize, kwa maana akikatiza ugonjwa utarudi na hautasikia dawa tena. Walikaa katika chumba kimoja cha wafanyakazi wa kampuni kule Upper Hill, na kutoka hapo alitembea hadi hospitali kwa miguu yake, akipumzika mara mbili njiani. Chumba kilikuwa cha kazi ya shemeji. Ruhusa ya kukaa mjini pia ilikuwa ya kazi ya shemeji. Akiachishwa, wanatoka wote wawili, na sindano zinakatika. Hilo tulilijua sote watatu, na tulilizungumza kidogo sana.

Kwa hiyo kila siku shemeji aliingia na karai na tambara, akapiga magoti, akakausha zulia chini ya meza. Bwana Mkubwa aliendelea kusoma barua zake. Tambara lilipokaribia alinyanyua miguu yote miwili bila kutazama chini, na likipita akaishusha.

"Maji hii natoka wapi?" alikuwa akiuliza, macho kwenye barua. "Wewe nafagia ama namwaga?"

"Bwana, inatoka kwa mashine."

"Mashine iko mupya."

Bwana Fundi akaitwa tena. Kusema haki, hakukaa bure. Alifungua mashine, akakuta mabomba yale membamba ya ndani yameganda barafu, akaizima, akaiyeyusha kwa taulo la maji moto. Akahukumu kwamba barafu ndiyo iliyokuwa ikimwagika. Siku mbili baadaye zulia likaloa. Akaja na waya, akazibua tundu la nyuma, akatoa utelezi mweusi na nyigu aliyekufa, akatuonyesha nyigu yule kama mwindaji aliyeua chui. Siku ya pili zulia likaloa. Akaja kupaka lami kwenye kingo za dirisha, akidai ni mvua. Akaja kutuambia kwamba tunafungua mlango mno, kwamba makarani wana pumzi nyingi, kwamba mpiga chapa anachemsha chai karibu. Kila kitu alichokitafuta alikikuta kweli: barafu ilikuwepo, nyigu alikuwepo, hata chai ilikuwepo. Na kila mara, kabla ya kufunga sanduku lake, aliweka pima maji juu ya mashine, akaona povu limekaa katikati, akafurahi. "Sawa ni sawa." Maji yalilala kwenye sinia tambarare, yakafurika, na hayakuwa na sababu yoyote ya kupenda nje kuliko ndani.

Shemeji alimwomba mara moja, nikiwa hapo. Alimwambia habari za dada, za sindano, za chumba. Bwana Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, nami nikadhani ameingiwa na huruma. Kisha akasema, "Pole sana. Lakini deki ni kazi ya mwenye deki. Mimi yangu ni mashine, na mashine iko sawa." Akachukua sanduku lake, akatuacha.

Na mtu huyo huyo, nataka mlijue hili, alikuwa akitengeneza milango ya wajane wa kanisa lake bila kupokea kitu. Niliambiwa na wajane wenyewe. Alikuwa akienda Jumamosi, akakuta mlango umening'inia, akautoa wote na kuuchonga upya. Sijui moyo wa aina gani unaomhurumia mjane kwa sababu mlango wake umepinda, na usimhurumie mgonjwa kwa sababu mashine yake imenyooka.

Ikafika siku maji yakapanda kwenye ramani iliyokuwa imeegeshwa ukutani, wino ukatiririka. Bwana Mkubwa alinipa tangazo nilipige chapa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: mtu yeyote atakayeigusa mashine ya baridi, ila fundi, atafutwa kazi siku hiyo hiyo. Nililibandika mimi mwenyewe kwa gundi. Kisha akamwita shemeji, akamwambia kwamba Jumatatu akikuta zulia limeloa tena, ataondoka na blanketi yake.

Wiki hiyo nilitumwa Kitisuru kupeleka barua za kutiwa sahihi, maana Bwana Mkubwa alikuwa na mafua. Nilipitia jikoni. Mpishi alikuwa amesimama nyuma ya nyumba akikamua zulia dogo, uso umekunjamana.

"Nyinyi watu wa ofisi," akaniambia, "mlituletea fundi gani? Hiyo mashine ya chumbani ilikaa kwa ubao umeliwa na mchwa, imeinamia maua, miezi yote hakuna tone ndani. Memsahib akasema inaonekana vibaya. Fundi wenu akaja akainyoosha. Tangu hiyo siku, kila asubuhi mimi nakamua zulia!"

Nilisimama na barua mkononi. Nikaitazama mashine ile kutoka nje, imenyooka kama mshumaa wa altare, na chini yake, mahali mvua haifiki, maua yamekauka. Nikaelewa yote mara moja, na hasira iliyonipanda sijui hata niiite nini. Yaani ni hilo tu! Wiki tano za barafu na nyigu na pumzi za makarani, na dawa ilikuwa kuiacha mashine iinamie nje kama ilivyofungwa na watu wa dukani.

Nilimngoja Bwana Fundi barabarani siku iliyofuata, nikamweleza kwa heshima zote. Nilimwita Bwana Fundi mara tatu. Alinisikiliza akivaa viatu vyake.

"Karani," akasema, "wewe ulisomea kalamu. Mimi nimeshika friji kabla hujavaa suruali ndefu. Unataka niache kitu yangu imepinda, watu wapite hapo chini waseme hii ni kazi ya fulani?"

"Lakini maji, Bwana Fundi."

"Maji ni ya mvua." Akafunga kamba za viatu, fundo moja, kisha la pili, sawasawa.

Jumamosi ofisi ilifungwa saa saba mchana. Mimi na shemeji tulibaki. Alinishika mkanda wa suruali, nami nikatoa mwili kwenye dirisha la pembeni, chini yangu watu wakipita na baisikeli, nikaitikisa kabari ile mpaka ikalegea. Sikuitupa. Niliirudisha pembeni ya chuma, mahali isipobeba kitu. Mashine ikashuka kidogo upande wa nje, kiasi cha unene wa kidole. Tukaiwasha, tukakaa sakafuni, migongo ukutani, tukala mihogo iliyochemshwa aliyotupatia dada. Tulikaa hivyo muda wa saa mbili nzima. Nje tukasikia maji yakidondoka juu ya bati la duka. Ndani, zulia likabaki kavu. Shemeji aliweka kiganja chake juu yake kila baada ya muda, na mwisho akakiacha pale pale, akacheka peke yake.

Jumatatu nilifika saa mbili. Bwana Fundi alikuwa amefika saa moja, kwa maana aliitwa kukagua kabla ya siku ya hukumu. Alikuwa ameiona mashine kutoka barabarani, imelala, akapanda ngazi mbio kwa umri wake ule. Nilimkuta anafunga sanduku. Kabari ilikuwa imerudi mahali pake na povu liko katikati.

"Mtu alipindisha," akaniambia, akitabasamu kama aliyenikomboa mimi na ukoo wangu. "Bahati nzuri nimewahi."

Nilifungua mdomo. Bwana Mkubwa akaingia.

Mvua ilinyesha asubuhi yote. Saa sita maji yalikuwa chini ya meza. Shemeji aliitwa, nikaitwa mimi nilete faili yake, akaitwa Bwana Fundi aliyekuwa bado kwenye jengo. Tulisimama wote watatu juu ya zulia lililoloa.

"Fundi, mashine iko sawa?" akauliza Bwana Mkubwa.

"Sawa ni sawa, Bwana."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi yote. Shemeji alikabidhi ufunguo wa chumba cha Upper Hill jioni hiyo. Dada alikuwa amebakiza sindano nyingi kuliko alizokwisha kuchomwa. Niliwasindikiza kwenye garimoshi, naye dada akaniambia nisikunje uso, kwamba huko nyumbani hewa ni nzuri.

Siku ya pili, Jumanne, nilipoingia ofisini niliitazama mashine. Ilikuwa imelalia nje. Kabari haikuwepo. Bwana Fundi alikuwa ameshuka ngazi muda mfupi kabla sijafika, na hakusema lolote kwa mtu yeyote, wala hakuitoa pima maji yake kwenye mashine ile tena. Zulia likakauka. Mfagiaji mpya akasifiwa na Bwana Mkubwa, akapewa aproni, akaambiwa yeye ndiye anajua kazi. Mwaka wote uliofuata nilimwona Bwana Fundi akipita kando ya mashine ile iliyopinda, akitazama pembeni. Tangu hapo sikumsalimia. Kila niliposimulia habari zake, na nimezisimulia mara nyingi, nilimalizia hapo, kwenye Jumanne, na wasikilizaji wangu walitikisa vichwa, wakasema mtu mbaya.

Nilihama kampuni. Miaka mitatu hivi baadaye nilikwenda Kabiria kumwona mtu aliyefiwa, na wakati wa kurudi mvua ikanikuta njiani. Sauti ikaniita kutoka nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa.

"Karani! Ingia, wewe, mvua itakuua!"

Ningeweza kupita. Niliingia kwa sababu ya mvua, si kwa sababu yake.

Alikuwa amezeeka haraka. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu, lile lile alilokuwa akiliacha wazi. Pima maji ilitundikwa ukutani ndani ya flana yake, juu ya kiti, na kila kitu mle ndani kilikuwa wima na sambamba mpaka nikachoka kutazama. Na sebule yake ilikuwa imejaa maji. Alikuwa ameimwaga simiti ya baraza mwenyewe, tambarare kabisa, na mvua iliyopiga barazani ikatulia kwanza, kisha ikaingia ndani kwa utaratibu. Mkewe alikuwa amepiga magoti na karai na tambara. Siwezi kuficha kwamba nilifurahi.

"Karibu, baba, kaa," akasema yule mama. "Jihadhari tu na miguu. Nilimwambia ainamishe hii simiti kidogo, akasema nyumba yake haiinami."

Nikapewa chai. Bwana Fundi alikaa mbele yangu, mikono magotini.

"Nilikuwa nangoja uje unitukane," akasema. "Miaka inaenda, huji."

"Nikutukane kwa nini? Mashine ilikuwa sawa."

"Mfagiaji aliniambia kwa ngazi, akishuka na blanketi. Hakunitukana. Alisema, Bwana Fundi, iinamishe nje, itakauka. Ndiyo nikarudi Jumanne."

"Jumanne," nikasema. "Si Jumatatu."

"Ile Jumatatu jioni, Bwana aliniita peke yangu. Aliona matope kwa lile dirisha ingine. Aliniuliza mara mbili nani aligusa mashine. Nikasema sijui." Akanyanyua kidole gumba, akanionyesha. "Hiki chako kiliacha alama kwa ile mbao. Wino ya muhuri wako, zambarau yote. Mimi nilikiona asubuhi nikirudisha kabari. Nikapanguza na leso."

Kikombe kilinichoma vidole, nikakihamishia mkono wa pili. Nikamuuliza kwa nini.

"Mmoja alikuwa ameenda tayari. Wawili wa nini?" Akanitazama kwa jicho lile zima. "Na wewe ulikuwa hapo, Karani, tulisimama pamoja kwa hiyo zulia. Nilikuwa nangoja useme ya Jumamosi. Kama ungesema, hata mimi ningeangalia tena."

Angeangalia tena! Ni rahisi kusema hivyo ukiwa kwako, na jicho moja, na shemeji ameshaondoka. Mtu ambaye hakupata kukubali kosa maishani mwake aniambie kwamba siku hiyo angekubali mbele ya mzungu. Simwamini, na sikumwamini pale. Lakini nilikuwa nimesimama na faili mkononi. Tangazo lilikuwa ukutani, nililolipiga chapa mwenyewe, nami nililisoma lote, Kiingereza na Kiswahili, wakati shemeji anaulizwa. Nilikuwa na mke na kazi ya kalamu. Nilijua kitu kimoja ambacho hakuna mwingine chumbani aliyekijua ila shemeji, naye asingeweza kukisema bila kunitaja mimi, na nilikimeza. Katika kusimulia kwangu kote, sijapata kumwambia mtu nilikuwa nimesimama wapi.

"Na dada yako?" akauliza. "Yule wa sindano. Alipona?"

"Tulimzika kabla ya Krismasi ya mwaka ule ule."

Hakusema pole. Akainuka, akamwendea mkewe na kumwondolea tambara mkononi. "Baba, wacha, nitamaliza," mama akasema. Alipiga magoti, mtu yule wa tai, mtu wa deki ni kazi ya mwenye deki, akaanza kukausha. Aliyasukuma maji kuelekea mlangoni na maji yakarudi, akayasukuma, yakarudi, kwa maana sakafu yake haikuwa na upande wa kuyapeleka. Pole pole akafika kwenye kiti changu. Sikushuka kumsaidia. Nilikuwa na chai mkononi na macho dirishani, nikanyanyua miguu yote miwili, akapitisha tambara, nikaishusha.